Ua la Cephas

Baba mdogo Cephas alikuwa na kofia moja na maneno mengi. Kila mgeni aliyefika kwake, barabara ya Kendu Bay, aliambiwa kwamba Kiswahili alikila Mombasa, miaka mitatu akitunza bustani ya Mhindi. Mke wake alisema ni miezi mitano, na kazi ilikuwa kuosha gari.

Mwaka wa 1994 zahanati ilimchukua kibarua. Filister aliyefagia pale alikuwa kibarua pia. Mwezi wa nne Sista mpya, mtu wa Lamu, akawaambia mmoja tu ataandikwa kazi Desemba. Cephas akanunua viatu vya kuandikwa siku hiyo hiyo.

Sista akawapeleka chini ya miti ya siala, pale mbuzi walipopitia kuja kula bandeji zilizoanikwa.

"Nataka ua mfupi hapa, wa kijani mwaka mzima. Nusu ya Cephas, nusu ya Filister."

"Hiyo ni ndogo, Madam!" Cephas akasema, na tayari alikuwa anaondoka.

Sisi wa huku hatusikii "wa" wala "la". Kwetu yote ni "ya". Lakini Filister alibaki akauliza: "Sista, ua ya kunusa ama ua ya kufungia mbuzi njia?"

"Wa kuzuia mbuzi, mama."

Akamfuata Cephas mpaka getini. "Omera, ndugu yangu, ni ua ya mbuzi."

"Wewe umefika Mombasa?" Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Filister alikuwa na miche ya ochuoga kwake, ile ya mlimani yenye miiba na matunda meusi. Alikuwa ameotesha mbegu kwenye mikebe ya mafuta ya Kimbo mwaka uliotangulia. Akaipanda kwa mstari, hatua moja moja, akafunika udongo kwa majani makavu ya siala. Kivulini ochuoga haina haraka, ila jani lake hukolea kijani na kiangazi hakilipukutishi. Kila ncha iliyokimbilia juu aliikata kwa kucha, mche ukatoa matawi ya pembeni, ukawa mfupi na mnene.

"Unaletea Sista chakula ya wachunga ng'ombe?" Cephas alimwambia, mikono nyuma kama mkaguzi.

Yeye alileta waridi kutoka Kisumu. Mche mmoja. Akauweka katikati ya nusu yake, akauzungushia mawe yaliyopakwa chokaa.

"Mbona moja?" Filister akauliza.

"Amesema ua. Angetaka mengi angesema maua. Hiyo ndiyo Kiswahili, mama."

Waridi likakosa jua, likarefuka shingo kama kuku mgonjwa. Novemba lilitoa tumba moja, naye akaita watu waje waone.

Desemba Sista alikuja kukagua. Ochuoga ilikuwa imefika magotini na kushikana. Mbuzi mmoja alijaribu, akachomwa, akarudi nyuma, akazunguka kwa Cephas na kupita wima.

"Cephas, ua wako uko wapi?"

"Ilikuwa hapo, Madam. Mbuzi amekula."

"Ua wote?"

"Ilikuwa moja."

Sista aliyatazama yale mawe meupe, kisha akamwita Filister ofisini.

Nusu ile nyingine nayo ni ochuoga sasa. Cephas bado anavaa viatu vile wageni wakija.

"Yule mama wa Lamu," huwaambia, "Kiswahili ilimshinda kabisa."