Siku Mama 'Malimpho Alipochunga Kondoo

Mlima wa kwendea kambi za mifugo haupandwi, huombwa radhi. Mama 'Malimpho alikuwa ameuomba radhi kila Alhamisi kwa miaka kumi na mmoja, blanketi limefungwa kwa pini, mkoba wa vipimo mgongoni, magoti yakigombana njia nzima kama wake wenza. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yake ilikuwa kuwachoma vidole vijana wachungaji apate kujua nani ana virusi vya ukimwi, na kuwagawia kondomu, ambazo wengine walizibia chupa za maziwa.

Miaka miwili ya kwanza alihubiri. Alihubiri hata koo likakauka, na kondoo wakaanza kusinzia akifungua mdomo. Basi akaacha, akaketi kwenye jiwe lao la kuchezea morabaraba, ule mchezo wa vijiwe kumi na viwili kila upande, ambavyo wenyewe huviita ng'ombe.

"Nikikufunga," alimwambia wa kwanza, "unanipa kidole."

Wakacheka, bibi na vijiwe! Hawakujua kwamba alilelewa na kaka saba, na kwamba wote saba walikuwa wakimkimbia. Mwaka huo hakikupona kidole mlimani. Hata mbwa, wakimwona, walikalia makucha yao.

Sasa kilibaki kimoja tu, cha Khopotso, kijana wa miaka ishirini na miwili. Kila akiitwa, kondoo wake walikuwa wamepotea. Kaka yake, Tšeliso, aliyekwepa vivyo hivyo, aliteremshwa juu ya punda majira ya baridi ya mwaka juzi, na 'Malimpho ndiye aliyemshika kichwa mpaka mtoni, ambako hakikuhitaji tena kushikwa. Ni virusi, walisema wa zahanati. Angekuja mapema angeishi. Sasa Khopotso alikuwa na mchumba bondeni, Lineo, na wazee walikuwa wakijiandaa kwenda kwa wakwe. 'Malimpho hakuwa tena na mikono ya kushika kichwa kingine.

Alhamisi hiyo Khopotso akaja mwenyewe, akaketi mbele ya jiwe.

"Tucheze, mama. Lakini nikikufunga mimi, unanichungia kondoo kutwa nzima."

"Huyu mama?" Mokete, mwenzake, akaangua kicheko. "Kondoo ndio watakaomchunga!"

'Malimpho alicheza kwa akili zake zote. Lakini uchovu nao ulikuwa ukicheza, tena upande wa Khopotso. Ng'ombe wake wakaliwa mmoja mmoja hadi wakabaki wawili, na mwenye wawili hana mchezo.

"Fimbo hii hapa," Khopotso akasema. "Wako mia na arobaini. Yule mweusi ni mkorofi, usimpe mgongo." Akavaa blanketi lake safi, akateremka mbio.

Anakwenda kwa Lineo, mshenzi yule, 'Malimpho akawaza.

Kutwa alipelekwa huku na huku. Mweusi akimpeleka korongoni, wenzake wakimrudisha. Alianguka mara mbili. Mchana akala ugali baridi kwa machozi. Hakulilia magoti. Alikuwa akikililia kile kidole kilichomponyoka.

Jua lilipoinama Khopotso akarudi, akaketi kando yake.

"Nilikuwa zahanati."

"Zahanati! Na mimi ninayoibeba mgongoni kila wiki ni nini, baba? Gunia la viazi?"

"Usikasirike, mama. Hapa ukimpima mtu, sote tunatazama. Ukizungumza naye kidogo, mzima huyo. Ukimpeleka nyuma ya zizi ukakaa, tumeshajua. Mokete ulikaa naye sana. Mpaka leo anakunywa kwa kopo lake peke yake."

'Malimpho alikuwa ameliona lile kopo mara ngapi! Akidhani ni usafi wa mtu.

"Mbona hukuteremka siku zote hizo?"

"Kondoo nimwachie nani? Zahanati inafungwa saa kumi, kondoo hawafungwi."

Hakumwuliza majibu, na kijana hakuyasema. Alisema tu kwamba Jumatatu Lineo naye angekuja kupimwa, na yeye angependa wawe pamoja, ila ndiyo hivyo, mifugo.

"Nenda," 'Malimpho akasema. "Nitapanda nikuchungie. Mkoba nitauacha chini, ni mzito. Na atakayetaka kuteremka baada yako, aniambie siku."

Akajikokota hadi motoni. Mokete alikuwa ameketi mbali na wenzake, kopo mkononi. 'Malimpho akajitua karibu naye kama mzigo.

"Nimekukosea, mwanangu."

"Mimi? Lini, mama?"

Akanyoosha mkono, akachukua kopo, akanywa chai ile mbele ya wote, pole pole, mpaka majani ya chini.

"Mama," Mokete akasema mwisho, "hiyo ndiyo ilikuwa chai yote ya usiku."

"Basi chemsha nyingine. Nilikuwa nachunga."