Ule Upande Mgumu

Leo harufu ya maranda kwenye darasa la useremala ilininyamazisha, na mimi huwa nanyamazishwa na kiboko tu.

Nilikuwa mdogo, tukiishi chumba kimoja Kawangware 46. Baba alikuwa mgonjwa kitandani, na kesho yake mjomba angempeleka ushago, kijijini kwetu. Alikuwa ameanza kuchonga upinde, nguvu zikamwishia, akanipa mimi niumalizie, pamoja na kipande cha chupa cha kukwangulia.

"Vuta kamba nione," alisema. "Mkono huu wa upinde unapinda, ule umekaza kama shingo ya mwenye ploti akidai kodi. Kwangua ule mgumu."

"Sawa, fundi."

"Polepole. Nataka niuone ukipinda sawasawa kabla sijaenda."

Nikaugeuzageuza nikijifanya mwindaji, nikasahau upande ni upi, nikakwangua ule uliokuwa umelegea tayari. Maranda yakajaa kwenye blanketi lake. Nilipovuta kamba tena, upinde ukavunjika.

Nikangoja matusi.

"Umetengeneza kuni," alisema. "Mamako atafurahi."

Tukacheka mpaka akakohoa. Asubuhi mama alichemsha chai kwa vile vipande. Baba akanywa nusu kikombe, kisha mama na mjomba wakamshika mikono mpaka kwenye basi.

Leo, kabla ya kupiga randa, nilichora alama ya penseli kwenye upande wa ubao uliohitaji kupunguzwa.

"Hiyo ni ya nini, wewe?" mwalimu akauliza.

"Nisisahau, mwalimu."

Darasa lote likacheka, wakingoja nimalizie mzaha. Nikapiga randa.