Papa Amechelewa

Papa alivuka mto na baiskeli yake kwenda Opala kununua mchele, kama alivyofanya kila msimu, na uasi ukafunga njia nyuma yake. Waliotawala Kisangani hawakuruhusu raia kupita, na wa upande ule nao hawakutaka kumwona mtu wa kwetu. Mvua zikaja, zikaisha. Mama aliacha kumwekea chakula chake, akaanza tena, akaacha.

Waliopita ni wageni peke yao, waangalizi wa amani, na mashua yao nyeupe. Walitafuta wakalimani, ila kwanza mtu afaulu mtihani wa Kiingereza. Wenzangu walitaka mshahara. Mimi nilitaka nafasi ndani ya mashua ile, nifike Opala nimtafute papa.

Kiingereza changu kilikuwa cha shule, yaani hakuna. Nikaenda Mangobo kwa mwalimu mmoja mzee. Darasa lake lilibaki na ubao tu, madawati askari walishayafanya kuni, kwa hiyo tuliketi sakafuni. Alitueleza kwamba mtihani una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, "na hii ya mwisho ndiyo itawamaliza." Hakukosea. Sisi tulichukua neno la Kifaransa, tukalikata mkia, tukaliita Kiingereza, naye akaturushia chaki. Kwa zoezi la kusikiliza alileta redio. Betri zikichoka alizianika juani, na msomaji wa habari akasikika kama mgonjwa. Niliichukia redio ile. Habari zote zilikuwa za watu waliokufa mahali fulani, na kazi yetu ilikuwa kujibu wapi, lini, wangapi.

Nyumbani Kabondo nilijifunza nikitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mutoto, unaongea na nani?" mama aliuliza.

"Na mtihani, mama."

"Bon. Uuambie tumechoka."

Aliyenipima kuzungumza alikuwa afisa mwanamke kutoka Zambia, mpole, sare yake imepigwa pasi vizuri. Aliniuliza habari za familia. Mama? Yupo. Na baba? Nilitaka kusema amekawia kurudi, papa iko en retard, na kamusi ilinionyesha wazi kwamba neno lake ni late. Nikasema polepole, kwa fahari: "My father is late."

Akaweka kalamu chini, akanipa pole. Nikaona huruma yake imezidi. Nikamtuliza: "No problem. He is always late."

Akachukua tena kalamu, akaniuliza kuhusu hali ya hewa.

Nilipomsimulia mwalimu, hakucheka. "Ma fille, kwao kule mutu akiwa late, amekufa. Ulimuambia papa yako amekufa, tena iko anakufa kila siku."

Nilikasirika. Nilikasirikia Kiingereza, na kamusi, na yeye mwenyewe kwa kutonionya. Nilitembea hadi Kabondo nikitema mate kando ya njia, kama bibi alivyotufundisha kufanya neno baya likikutoka kinywani. Mama sikumwambia.

Hata hivyo nilifaulu.

Tuliteremka kwa mashua hadi Isangi, tukaingia mto Lomami, tukafika Opala. Afisa niliyepewa, mwanamume asiyejua chochote juu yangu, alitaka kwanza kujua hali ya njia. Mwanamke mmoja aliyewalaza wachuuzi waliosafiri kwa baiskeli nyumbani kwake akaanza kueleza. Alisema askari walifyatua risasi kwenye kivuko. Katika waliokufa alikuwemo mmoja wa Kisangani, mfupi, mwenye kidole gumba kilichokatika, aliyekuwa akimwita kila mwanamke shemeji. Walimzika nyuma ya ghala la mchele.

Nilikijua kidole kile. Nililijua na lile 'shemeji' la papa.

"Anasema nini?" afisa aliuliza.

Nikatafsiri. Nilisema yote kwa Kiingereza, kuanzia kivuko hadi kaburi, na kila kitenzi kilikaa mahali pake. Afisa aliandika, akanishukuru, akaniomba niulize kama familia ya marehemu imejulishwa.

Nikamgeukia yule mwanamke, nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Nani atapita aende kuwaambia?"