Sauti Nene ya Refugio

Huku kilimani kwetu Monterrey, kumbia, muziki wetu wa dansi, hatuipigi kwa mwendo wake. Tunaupunguza mpaka kodiani igune na mwimbaji awe kama mtu anayeongea kutoka kisimani. Wageni hudhani mashine imeharibika. Sisi kumbia hiyo ndiyo tunayoichezea.

Refugio Zamarripa, fundi mwashi, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa akitupigia muziki kwa kaseti tangu ujana wake. Kisha Nicanor wa mtaa wa juu akanunua kompyuta, na siku moja kwenye dansi lake Refugio akamwona mkewe, Eulalia, akizunguka amefumba macho. Basi. Tangu hapo akawa akimtazama Nicanor kwa jicho la wivu.

Sherehe ya binti yao kutimiza miaka kumi na mitano ilipokaribia, Eulalia akasema Nicanor ndiye atakayepiga.

"Na mimi?"

"Wewe si utachoma nyama, baba Yadira."

Refugio akatafuta kompyuta kuukuu, akaingiza kumbia, na juu yake akatia salamu kwa sauti yake, kama ilivyo desturi ya wapigaji wetu. Akapunguza mwendo, akawasha spika uani. Wimbo ulijikokota sawasawa, lakini kodiani ilibaki nyembamba vilevile.

"Hiyo ni kumbia au mbuzi kabanwa na mlango?" akauliza Eulalia, huku akigeuza chapati za mahindi.

Nicanor alikuwa akipita. Akaegemea geti. "Kaka Refugio, programu yako ina tiki hapo chini, ndiyo inayozuia sauti isishuke. Itoe."

"Nimeiweka makusudi."

"Haya bwana. Mbuzi ni wako."

Refugio akangoja mpaka mgongo wa mwenzake upotee kwenye kona, nami kibarazani kwangu nikijifanya natazama mawingu. Akaitoa ile tiki.

Kodiani ikazama. Eulalia akafuta mikono, akaingia katikati ya ua, akafumba macho. Halafu ikaja ile salamu, nzito, ya kuvuta, kama ya mtu mwenye asali mdomoni: "Hii ni ya Eulalia, ua la kilima."

"Nani huyo?" akauliza bila kufumbua macho. "Huyo ndiye apige kwenye sherehe."

"Ni mimi."

"Wewe?" Akacheka, akazidi kuzunguka. "Basi nyamaza, nimsikilize."

Kazi ya kupiga kwenye sherehe Refugio akaipata. Lakini nilimwona anavyoitazama ile spika, kwa jicho lile lile alilokuwa akimtazamia Nicanor.