Mluzi Usiotoka Kwenye Injini

Saa mbili asubuhi gereji imeshachangamka. Mwanamume mwenye ovaroli iliyopauka anainama juu ya injini inayounguruma, anagusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma, na mpini anaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Anafumba macho.

"Vali," anatamka.

Mwenye gari anatikisa kichwa kwa kustaajabu. Hajui kwamba zamani mpini ule ulikaa sikioni, na sasa umehamia mfupani kwa sababu sikio limemtupa mkono mwenyewe.

Wanamwita Fundi Sikio. Kwa zaidi ya miaka ishirini ametambua magonjwa ya magari kwa kusikiliza, kando ya mashine ya kukatia vyuma, bila kuziba masikio hata siku moja.

"Nizibe masikio nile nini?" anasema. "Hiyo ndiyo spana yangu ya kwanza."

Miezi michache iliyopita mama mmoja, mwalimu mstaafu, alimletea gari lake dogo kubadilisha oili. Fundi akasikia mluzi mwembamba. Akamwambia aliache, si salama. Akabadilisha mkanda wa feni, mluzi upo. Akabadilisha beringi, upo. Mwisho akaifungua injini nzima, akaifunga, akaiwasha na kuizima.

Gari likanyamaza. Mluzi ukaendelea.

"Nilijifungia stoo," anasimulia akiangalia viatu vyake. "Niliona aibu hata mbele ya matairi. Mama alipokuja nikamwambia gari limepona, na pesa nikapokea. Tangu hapo ananisifia kila mahali. Huyu wa vali kaletwa na yeye."

Mkewe alikuwa ameshashtuka. "Namuuliza chai au uji, ananijibu 'Mungu mkubwa,'" anasema na kucheka, kisha kicheko kinamkauka. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamburura mpaka hospitali."

Huko daktari wa masikio alimchorea. Ndani kabisa ya sikio kuna mrija mdogo uliojikunja kama nyumba ya konokono, una maji na vinyweleo. Sauti ikiyatikisa maji, vinyweleo hupeleka habari kwenye ubongo. Vya mlangoni hupokea sauti nyembamba, na kelele huviua mapema. Vikifa havioti tena. Ubongo ukikosa habari, wataalamu wanadhani, hujitungia sauti yake.

"Kumbe nilimfungulia mama wa watu injini nikitafuta kitu kilichomo kichwani mwangu," anasema fundi.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, gari dogo linaingia. Mwalimu anashuka akichechemea. Fundi anafuta mikono kwenye kitambaa, anaifuta tena ingawa imeshatakata, kisha anamwendea na kumweleza yote.

Mwalimu anageukia gari lake, anasema kitu. Fundi anataka kuitikia kwa kichwa, kama alivyozoea. Anajizuia.

"Sijasikia, Mama. Naomba urudie."

Mwalimu anamgeukia. "Nimesema, wiki nzima ile gari likiwa hapa nilitembea na goti hili, kumbe filimbi ni yako! Darasani kwangu asiyesikia nilimkalisha mbele, lakini lazima aseme kwamba hasikii. Pesa yangu utarudisha. Na hayo uliyoniambia, yaseme kwa sauti. Huyu mteja naye asikie, nimemleta mimi."

Fundi anayasema. Anaishia katikati, anaanza upya.

Anapanga kurudisha pesa kidogo kidogo, kununua vifaa vya kuziba masikio kwa gereji nzima, na kujaribu kifaa cha kusaidia kusikia, hata kama kitaonekana.

Mwenye gari amesimama kando ya boneti iliyo wazi. "Sasa fundi," anauliza taratibu, "hiyo vali yangu?"

Fundi Sikio anamtazama midomo mpaka anamaliza. Kisha anamwita mwenzake kutoka kwenye mashine ya kukatia vyuma na kumkabidhi bisibisi.

"Hebu sikiliza wewe," anamwambia, "halafu uniambie."