Punje Ndani ya Kinoo

Juzi, hapa kwetu Malindi, mjukuu wangu wa kwanza alinyolewa nywele za arubaini. Kinyozi alikuja na mashine yake, ikanguruma kidogo, kazi ikaisha hata chai haijamiminwa. Sikulalamika. Ila, mwenzangu, nilimkumbuka nyanya yangu, mama mzaa baba.

Yeye ndiye aliyewanyoa watoto wachanga wa mtaa wetu, kwa wembe wa kukunja na kinoo chake cha kijivu, laini kama sabuni. Arubaini ya ndugu yangu ilipofika, mama hakuwa na raha. Alikwisha kuzika watoto wawili kabla ya huyu, na alisema waziwazi kwamba hataki kuona hata tone la damu.

Asubuhi hiyo halua iko sahanini na ubani unafuka, nyanya akakifunua kinoo, akakuta kimechimbika. Mama jirani alikuwa amekiazima anolee kisu. Kumbe, maskini, alinolea meno ya mbuzi ya kukunia nazi! Katikati ya jiwe palikuwa na mfereji, na wembe ukipita hapo makali yanaharibika.

"Mama, si tununue viwembe vya dukani?" mama akauliza.

"Hivyo sivijui tabia, mwanangu. Nileteeni maji."

Akamwaga mchanga laini juu ya kizingiti cha saruji, akakilaza kinoo kifudifudi, akasugua mpaka mfereji ukafutika. Nikadhani yamekwisha. Alipopitisha wembe, pakatoka mlio mwembamba sana, krii, akaacha papo hapo. Ndani ya jiwe mlikuwa na punje ngumu iliyojificha miaka yote, na kule kusugua kumeifichua. Mimi nilikodoa macho nisione kitu. Yeye aliyafumba yake, akapapasa kwa ukucha mpaka akaipata, akaifukua kwa sindano ya kushonea mikeka, kisha akalainisha kingo za kitundu kile ili wembe usikwame. Wageni walijaa ukumbini na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Aliponoa, alijinyoa kwanza malaika, vile vinywele laini vya mkono wake mwenyewe. Ndipo akampakata mtoto. Nywele zilidondoka kwenye sahani tupu kimya kimya na mtoto kalala. Wallahi, hata uso hakukunja!

Kazi ilipokwisha, mama alipitisha kiganja kichwani mwa mwanawe, akakigeuza, akakitazama. Kiganja kilikuwa safi, hakuna damu. Akaangua kilio mbele ya watu, na nyanya akamwambia tu, "Mpe titi, ana njaa huyo."

Nyanya alikwenda zake zamani, na siku hizi wembe hutumika mara moja ukatupwa. Ni salama zaidi, najua. Nimehudhuria arubaini nyingi tangu hapo, na sijamwona tena mama akikitazama kiganja chake vile.