Raba za Kusukia

Kaveke alikuwa na saluni ndogo mtaani Gitothua, na kati ya meno yake mawili ya mbele alikuwa na mwanya wa kupitisha kijiti cha kiberiti. Kwao, mashariki ya Thika, mwanya huo ulisifiwa tangu alipokuwa msichana. Lakini harusi yake na Kiilu ilikuwa imebakisha miezi mitatu, na kila alipojipiga picha kwa simu hakuona kingine ila mwanya.

"Si kwenu hiyo ndiyo urembo?" Ciku, aliyesuka naye pale saluni, alimtania.

"Urembo wa kina nyanya. Wewe suka."

Daktari wa meno aliyemwona Ruiru alimweleza kwamba waya hubandikwa kwenye meno na kuyasogeza polepole, kwa mwaka na nusu hivi, huku akirudi kila mwezi kukazwa. Kaveke alishukuru, akaondoka. Alhamisi hiyo, wateja walipokwisha, alitoa raba moja kwenye kopo la zile ndogo nyeusi za kufungia nywele za watoto, akayazungushia meno yale mawili.

Siku ya tano raba haikuwepo. Akadhani ameimeza na uji, akavaa nyingine. Hiyo nayo ikapotea. Kufikia mwisho wa mwezi meno yalikuwa yamegusana, na Ciku akapiga vigelegele hadi mteja akashtuka chini ya draya.

Kisha fizi zikavimba. Meno yakaanza kuonekana marefu. Kaveke alisukutua maji ya chumvi wiki baada ya wiki, bila kumwambia mtu, mpaka siku alipouma hindi la kuchoma na kuyahisi meno yakiyumba. Harusi ilikuwa ifungwe Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, Ciku alimpeleka Thika kwa Daktari Mukonyo.

Daktari aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu.

"Ulifunga meno na nini?"

"Raba. Lakini zilitoka zenyewe."

"Hazikutoka, dada. Jino hupungua unene likielekea kwenye mzizi. Raba ziliteleza juu, zikaingia ndani ya fizi, zikala kila kitu kinachoshika meno."

"Basi nitie waya, yashikwe."

"Waya husogeza jino lililo na mfupa. Hapa mfupa umekwisha."

"Na yale magamba meupe ya kubandika, kama ya wasanii?"

"Hayo hubandikwa juu ya jino imara." Daktari alivua miwani. "Kuna usaha. Lazima yatoke leo. Ya bandia nitakutengenezea, lakini kidonda kipoe kwanza. Wiki mbili, labda tatu."

Meno hayakuhitaji nguvu kung'oka.

Nje, Kaveke akiwa ameuma pamba, Ciku alimpigia Kiilu simu na kumweleza yote, sauti ikiwa imefunguliwa ili wote wasikie.

"Watu watasema nimempiga," Kiilu alisema.

"Kiilu! Hata pole huwezi kusema?"

"Pole. Lakini Ciku, mamangu akimwona hivyo mbele ya kanisa? Mwulize kama tunaweza kusogeza harusi."

"Mpaka lini?"

"Tutaona."

Ciku alimgeukia Kaveke, mkono umefunika simu. "Unasemaje?"

Kaveke aliutazama ukuta wa duka la ng'ambo ya barabara. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na Ciku akamwambia Kiilu kwamba ni sawa.